Wageni wa Kaskazi: Tuwalishe na Tuwape Amani

TAHARIRI

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na Mlezi wa kila kiumbe kilichomo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake, Sahaba zake na kila anayefuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, ni nadra kumpata mtoto aliyepita katika madrasa zetu asiyeihifadhi Suratu Quraysh. Ni sura fupi yenye aya nne. Ndani yake Mwenyezi Mungu (S.W.) anawakumbusha Makuraishi neema ya safari zao mbili, moja ya majira ya baridi na nyingine ya majira ya joto. Wafasiri wametueleza kwamba wakati wa baridi misafara yao ilielekea Yemen, na wakati wa joto ilielekea Shamu. Kisha Mola anawataka wamwabudu Yeye, Mwenye Nyumba ile tukufu, akiwatajia mambo mawili aliyowafanyia: aliwapa chakula wakaepukana na njaa, na aliwapa usalama wakaepukana na hofu.

Mwandishi wa tahariri hii aliwasomesha watoto sura hiyo asubuhi moja ya mwezi wa Desemba. Mmoja wao aliisoma vizuri sana, kila herufi ikitoka mahali pake. Madrasa ilipovunjika, mtoto yule yule alitoka nje, akachomoa manati mfukoni, akamwangusha mbayuwayu aliyekuwa ametua juu ya waya wa umeme mbele ya msikiti. Alipoulizwa kwa nini amefanya hivyo, alijibu kwa adabu kabisa: "Ni ndege tu, ustadhi." Mtoto hakuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa la mwalimu, aliyemsomesha habari za safari ya majira ya baridi bila ya kumfahamisha kwamba ndege aliyemuua alikuwa naye yumo katika safari hiyo.

WANAKIMBIA NJAA

Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi. Chakula chake ni wadudu warukao hewani. Katika nchi za kaskazini mwa dunia, majira ya baridi yanapoingia, maji hugeuka barafu, ardhi hufunikwa na theluji na wadudu hutoweka. Basi kiumbe huyu hakimbii baridi peke yake, bali anakimbia njaa. Huvuka bahari na jangwa la Sahara mpaka afike katika bara letu, na hapa hukaa mpaka baridi ya huko imalizike. Kwetu pwani huonekana wakati kaskazi inapokaribia na kuingia, na hurejea kwao kusi inapokaribia, kama vile majahazi ya Waarabu yalivyokuwa yakija kwa upepo mmoja na kurudi kwa mwingine.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege wao huenda wapi wakati wa baridi, na wengine walidhani kwamba mbayuwayu hujificha chini ya matope ya maziwa. Mwaka 1822 huko Ujerumani, karibu na mji wa Klütz, aliuawa korongo aliyekuwa na mkuki umemchoma shingoni ukatokeza upande wa pili. Mkuki ule ulikuwa wa Kiafrika. Korongo yule alikuwa amechomwa huku kwetu Afrika, akaruka nao mpaka kwao. Mwili wake umehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Baadaye, mwezi wa Mei 1911, mtu mmoja wa Staffordshire, Uingereza, aitwaye John Masefield alimvika mbayuwayu pete ndogo mguuni. Mwezi wa Desemba 1912 ndege huyo alipatikana Natal, Afrika Kusini. Na tangu mwaka 1969 watafiti huko Ngulia, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, wamekuwa wakiwavika pete ndege wasafiri wanaoteremka usiku kwa sababu ya ukungu wa miezi ya Novemba na Desemba.

Muislamu anapozisikia habari hizi hazimshangazi kwa namna ya mtu asiyekuwa na Kitabu. Katika Suratul An'aam, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umati mfano wetu. Na katika Suratun Nuur, aya ya 41, ametufahamisha kwamba ndege wanapokunjua mbawa zao, kila mmoja anaijua sala yake na tasbihi yake. Basi anayemuua mmoja wao kwa mchezo na ajue kwamba amemnyamazisha mwenye kumsabihi Mola wake.

Umati huu unapokabiliwa na majira ya baridi unahitaji mambo yale yale mawili waliyopewa Makuraishi: chakula dhidi ya njaa na amani dhidi ya hofu. La kwanza linawahusu zaidi ndugu zetu walioko katika nchi za baridi. La pili linatuhusu sisi tulioko huku.

CHAKULA KATIKA NCHI ZA BARIDI

Si ndege wote wanaoondoka. Wako wengi wanaobaki huko huko katika theluji, na ndugu zetu walioko London, Toronto, Oslo na kwingineko wanawaona nyuma ya nyumba zao. Usiku mmoja wa baridi kali unatosha kumpunguzia ndege mdogo karibu sehemu ya kumi ya uzito wake, kwa kuwa huunguza mafuta ya mwili wake apate joto. Asubuhi asipopata chakula upesi, huenda usiku wa pili asiuvuke. Katika majira ya baridi ya 1962 na 1963 huko Uingereza, ambapo Januari yake ilikuwa Januari ya baridi kali kuliko zote za karne ya 20, ndege wadogo waitwao wren, wenye uzito wa gramu 10 hivi, walikufa kwa wingi mno.

Kuwasaidia si kazi ngumu. Watilieni nafaka, njugu zisizotiwa chumvi na mbegu za alizeti. Wawekeeni maji katika chombo kisichokuwa na kina, na asubuhi yakiganda, vunjeni barafu na mtie maji mengine. Msiyatie chumvi wala dawa yoyote ili yasigande, kwani vitu hivyo huwadhuru. Mabaki ya chakula yenye chumvi nyingi nayo hayafai. Na anayeanza kuwalisha katikati ya baridi asikatishe ghafla, kwa sababu ndege huzoea kuja pale na hupoteza nguvu nyingi wakija bure.

Usafi nao ni katika dini yetu. Kuanzia mwaka 2005 ulienea Uingereza ugonjwa wa koo unaowaambukiza ndege wanapokusanyika mahali pachafu pa kulia na kunywea. Ndege aitwaye greenfinch, aliyekuwa mwingi katika bustani za huko, alipungua kiasi cha kuingizwa mwaka 2021 katika orodha ya ndege walio hatarini zaidi nchini humo. Basi vyombo vioshwe kila mara na mabaki yaondolewe. Anayelisha kwa uchafu huenda akaua kwa mkono ule ule aliokusudia kuokoa.

Wako pia wanyama wadogo. Kalunguyeye wa nchi hizo hulala miezi ya baridi ndani ya malundo ya majani makavu. Waacheeni lundo moja katika pembe ya bustani, na kabla ya kuchoma majani likagueni kwanza. Msiwape maziwa, kwani matumbo yao hayayawezi, maji yanawatosha.

Hapa tunapenda kutoa indhari moja. Kila majira ya baridi yanapofika husambazwa kisa kwamba Khalifa Umar bin Abdul Aziz (Mwenyezi Mungu amrehemu) aliamrisha ngano imwagwe juu ya vilele vya milima ili ndege wasife njaa katika nchi ya Waislamu. Kisa hicho ni kizuri, lakini husimuliwa bila ya sanadi, nasi hatuna haja ya kukiegemea ilhali tunazo Hadithi sahihi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) habari ya mtu aliyemkuta mbwa akiramba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji katika khofu yake na kumnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Sahaba walipouliza kama kuna malipo kwa ajili ya wanyama, Mtume (s.a.w.) aliwajulisha kwamba katika kila chenye uhai mna ujira. Na Anas bin Malik (r.a.) amepokea kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, basi huwa ni sadaka yake.

AMANI KATIKA NCHI YETU

Sasa tugeukie upande wetu. Wageni hawa wanapofika kwetu, Mwenyezi Mungu amekwisha kuwaandalia chakula. Korongo weupe huwala nzige na viwavijeshi, maadui wa mkulima. Kozi wa Amur, ambao hutoka mashariki ya Siberia na kaskazini ya China na kuvuka Bahari ya Hindi, huwala kumbikumbi baada ya mvua. Katika hori ya Mida karibu na Watamu, na katika delta ya Rufiji hadi Mafia na Kilwa, eneo lililoingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu, ndege wa ufukweni kutoka Siberia hujitafutia vijidudu katika matope maji yanapokupwa. Hapo hujijenga na kutia mafuta mwilini kwa ajili ya safari ya kurudi. Haja yao kwetu si punje za mtama. Haja yao ni kuachwa salama.

Je, tunawapa amani hiyo? Tuseme kweli. Katika mitaa yetu manati yananing'inia shingoni mwa watoto, na wazazi hucheka. Nyavu na ulimbo hutegwa. Mikoko hukatwa. Na katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, uchunguzi uliofanywa mwaka 2009 na baada yake ulionesha kwamba watu walikuwa wakitumia dawa ya kuulia wadudu iitwayo kabofurani kuwatilia sumu ndege, wakiwemo ndege wasafiri wa maeneo ya maji, kisha nyama yao ikauzwa kwa watu wale.

Msiba huu hauko kwetu pekee. Mwaka 2015 shirika la BirdLife International lilichapisha makadirio kwamba ndege baina ya milioni 11 na milioni 36 huuawa au kunaswa kinyume cha sheria kila mwaka katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Miongoni mwa nchi zilizotajwa kwa wingi wa mauaji hayo, pamoja na Italia, zimo Misri, Syria na Lebanon. Ni jambo la kutia huzuni kwamba ndege anayeponea chupuchupu katika theluji au katika bahari anakuja kunaswa katika miji ambayo adhana inasikika mara tano kwa siku.

HUKUMU ZA SHERIA ZISIZOSEMWA

Uislamu haukuharamisha kuwinda. Mwenye kuwinda kwa haja ya chakula, kwa kufuata masharti yake, hana lawama. Lakini masharti hayo ndiyo ambayo hatuwafundishi watu wetu.

Kwanza, ndege aliyekufa kwa sumu ni mfu, na mfu ni haramu kwa nassi ya Suratul Maida, aya ya 3. Kumchinja baada ya kufa hakumhalalishi. Tena kuna madhara ya sumu yenyewe kwa mlaji, na muuzaji anabeba dhambi ya kumlisha Muislamu mwenziwe haramu na ya kumdhuru.

Pili, ndege aliyekufa kwa pigo la jiwe la manati kabla ya kuchinjwa anaingia katika hukumu ya aya hiyo hiyo, iliyowataja waliokufa kwa kupigwa. Basi manati hayamletei mtoto kitoweo cha halali, ila akimdiriki ndege angali hai akamchinja. Na Abdullah bin Mughaffal (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kurusha vijiwe, akieleza kwamba havipatishi windo wala havimshindi adui, bali huvunja jino na kupasua jicho. Hadithi hii ni ya Bukhari na Muslim. Wazazi wanaowanunulia watoto mipira ya manati na waizingatie.

Tatu, Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana waliomfunga ndege wakimfanya shabaha. Walipomwona walitawanyika, naye akawajulisha kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kukifanya chenye roho kuwa shabaha.

Nne, wako ndege ambao kuwaua kumekatazwa kwa kutajwa majina. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuuawa sisimizi, nyuki, hud-hud na surad. Hud-hud, ambaye habari yake na Nabii Sulayman (a.s.) imo katika Suratun Naml, naye yumo miongoni mwa ndege wanaohama Ulaya na Asia wakati wa baridi na kuja Afrika.

Na Abu Daud amepokea pia kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kwamba Sahaba walikuwa safarini wakawachukua makinda wawili wa ndege mdogo. Mama yao akaja akitapatapa kwa mbawa zake. Mtume (s.a.w.) alipomwona aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa watoto wake, na akaamuru warudishwe. Aliyekuwa na mzigo wa umma mzima mabegani mwake alisimama kwa ajili ya ndege mmoja.

WENYE KUPINGA

Wako watakaosema: watu wana njaa, nanyi mnazungumza ndege! Jawabu ni kwamba huruma si pishi la unga, kwamba ukimpimia huyu hupungua la yule. Kuacha kuua hakumpunguzii masikini chochote. Na nyama ya sumu iliyouzwa iliwafikia hao hao masikini katika sahani zao. Anayemtilia ndege sumu hamuonei huruma binadamu pia.

Wengine watasema kwamba ndege riziki yao iko kwa Mwenyezi Mungu. Hilo ni kweli, naye ametufundisha hivyo katika Suratu Hud, aya ya 6. Lakini Mola huipitisha riziki kwa sababu, na heri ni ya yule aliyefanywa kuwa sababu. Mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka, katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Hakutoa chakula, na hakutoa amani. Hakupata udhuru kwa kusema kwamba riziki ya paka iko kwa Mungu.

Na wako watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Ndugu zetu, hoja yetu yote tumeitoa katika Kitabu na Sunna. Hata hivyo, hikima tunaichukua popote. Mwaka 2012 ilidhihirika kwamba katika jimbo la Nagaland, India, kozi wa Amur kwa maelfu na maelfu walikuwa wakinaswa kwa nyavu karibu na bwawa la Doyang wakiwa njiani kuja Afrika. Wenyeji wa kijiji cha Pangti na jirani zao, ambao wengi wao ni Wakristo, walishauriana, na mwaka 2013 wakaacha. Ulikuwa mwaka mmoja tu. Ikiwa watu wale waliweza kuyaweka chini mazoea yao na chumo lao, sisi wenye Hadithi hizi tutajibu nini tukiulizwa?

TUFANYE NINI

Tunawausia maimamu na kamati za misikiti mambo machache. Khutba moja isomwe kila mwaka kaskazi inapokaribia, ielezwe haki ya viumbe na hukumu ya nyama ya sumu na ya manati. Walimu wa madrasa wanapofika Suratu Quraysh na Suratun Naml wawaoneshe watoto mbayuwayu walio nje ya dirisha. Kila msikiti uweke chombo kipana cha maji uani, mahali ambapo paka hafikii, na kibadilishwe kila siku. Wakazi wa pwani wailinde mikoko kwa kuwa ni matuo ya wageni hawa na mazalio ya samaki wetu. Wauza nyama na wanunuzi waulize ndege amekufa vipi. Na ndugu walioko katika nchi za baridi wawashirikishe watoto wao katika kuwalisha ndege kila asubuhi, kwa nia ya kufuata Sunna.

Ama mtoto wa manati, wiki ile tulirudia naye sura yake kwa maana. Alikaa kimya, kisha akauliza kama ndege yule alikuwa na watoto huko alikotoka. Hatukuwa na jawabu ila kumwambia amwombe Mwenyezi Mungu msamaha, nasi tukaomba pamoja naye, kwani tulikuwa na haja nao zaidi yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atutie huruma nyoyoni mwetu, atulishe na njaa na atupe amani na hofu, na atujaalie tuwe sababu ya chakula na amani kwa waja wake na viumbe vyake vyote. Wabillahi tawfiq.